SOMO LETU: KWA NINI MWANAMUZIKI HUWEKA SAA JUKWAANI?



Katika darasa letu la Endiinzi hukutana vibarua wa mashamba ya ndizi, wenzetu wa makazi ya Nakivale na ndugu wa viwanda vya Mbarara. Siku moja ndugu mmoja aliuliza: "Wale wapigaji wa okestra kubwa tunaowaona kwenye sinema, mbona wengine huweka saa kando ya karatasi za muziki? Wana haraka ya kwenda wapi?" Watu walicheka. Lakini swali lile ni la kazi, nasi tunalijibu.

Kwanza, saa hupima mwendo. Muziki huweza kuandikwa pamoja na hesabu ya mapigo kwa dakika. Mapigo 60 ni pigo moja kila sekunde, sawa na mshale mwembamba wa saa. Mapigo 120 ni mawili kila sekunde, mwendo wa gwaride. Wimbo ukianza mbio kupita kiasi, mpuliza tarumbeta huishiwa pumzi. Kwa hiyo mpigaji huweza kuitazama saa kabla ya kuanza. Kipo pia chombo maalum kiitwacho metronomu. Fundi Winkel wa Amsterdam alikibuni mwaka 1814. Bwana Maelzel akakiiga na kukisajili kwa jina lake mwaka 1815, naye ndiye aliyepata sifa. Mambo ya namna hiyo wafanyakazi tunayajua.

Pili, saa hulinda ratiba. Redio ikitangaza onyesho moja kwa moja, taarifa ya habari haingoji wimbo uishe.

Tatu, na hili ndilo letu: mwanamuziki ni mfanyakazi, na jukwaa ni karakana yake. Wanamuziki wa Uingereza waliunda chama chao mwaka 1893, wa Marekani mwaka 1896. Mikataba ya vyama hivyo hutaja saa za mazoezi, saa za maonyesho na mapumziko. Dakika zikizidi, hulipwa. Hata Afrika Mashariki, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake Dar es Salaam mwaka 1964, NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma. Wapigaji wake walikuwa watu wa mshahara.

Sasa tujitazame. Katika shamba moja tulilofanyia kazi, saa ilikuwa moja tu, mkononi mwa mnyapara. Asubuhi ilitangulia, jioni ikachelewa. Tukilalamika, alijibu: "Saa yangu inasema bado." Hatukuwa na ushahidi. Ndipo watatu kati yetu tukaanza kuandika kwenye daftari, kila siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa kufuata saa ya redio. Baada ya mwezi mmoja tulilipeleka daftari ofisini. Hatukulipwa madai yote, lakini tangu siku ile filimbi ilipigwa kwa wakati.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi isizidi kwa kawaida saa 48 kwa wiki. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Sikukuu ya serikali, si chini ya mara mbili. Kwa mfano, ukifanya saa 54 katika siku za kawaida, saa 6 za ziada ni malipo ya saa 9. Lakini nani atazihesabu saa hizo 6 kama mwenye saa ni tajiri peke yake?

Okestra yenye watu 80 haiwezi kupiga wimbo mmoja ikiwa kila mtu ana wakati wake. Nasi vilevile: saa zetu zilingane, daftari zetu zilingane, na neno letu liwe moja.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kazini kwenu, nani hutunza saa?
2. Wiki iliyopita ulifanya saa ngapi? Zimeandikwa wapi?
3. Tawi lenu litamteua nani kutunza daftari?

Umoja ni nguvu.