Makomamanga Kwenye Pindo

Somo: Kutoka 28:31-35

Somo la mwezi huu halitaki vitabu vingi. Chukueni Biblia, na kama kuna mama nyumbani, mwazimeni kanga moja mwitandaze juu ya meza. Tutavisoma vyote viwili pamoja, maana vina jambo linalofanana, na ndilo nitakalo kulisema.

Tuanze na kanga. Kila mmoja wetu amebebwa kwa kanga na kufunikwa kwa kanga, lakini wengi wetu, hasa sisi wanaume, hatujapata kuitazama. Ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani ule urembo unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, ndio ule uwanja wa katikati. Na kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa chini kidogo ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa, na mnunuzi huenda kuvikata na kuvipinda mwenyewe. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Ndiyo maana Mombasa hata leo watu husema leso, neno lililotoka kwa Wareno. Jina la kanga nalo lasemwa kuwa ni la yule ndege mwenye madoadoa, kwa kuwa vitambaa vya kwanza vilikuwa na madoa kama yake.

Maneno yalikuja baadaye. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tunazotumia sasa.

Sasa fikirini kidogo. Kanga isiyo na jina humfunika mtu sawasawa na yenye jina. Mtoto hubebeka vilevile. Hata hivyo nendeni dukani mkaone: mwanamke atasimama nusu saa akifunua doti moja baada ya nyingine, akisoma, akicheka peke yake, akirudisha, akiomba ya juu kabisa iteremshwe. Marehemu mke wangu alikuwa hivyo. Mimi nilimngoja nje na baiskeli, nimenuna, nikihesabu saa. Alikuwa na kanga moja aliyoivaa siku tulizokosana tu. Hakusema neno, aliivaa akapita mbele yangu mara mbili, mara tatu, mpaka nimeisoma. Maneno yake sitayaandika hapa, kwa sababu watoto nao husoma gazeti hili. Lakini nakiri kwamba mara nyingi ugomvi wetu uliishia hapo, kwa kuwa ni vigumu kuendelea kununa mbele ya mtu aliyekutukana kwa kitambaa.

Basi tufungue Kutoka 28. Hapo Musa anapewa maagizo ya joho la Haruni. Litakuwa la rangi ya samawati, na kwenye pindo lake, kulizunguka lote, zitatiwa njuga za dhahabu na makomamanga ya nyuzi za rangi: njuga, kisha komamanga, kisha njuga tena. Mstari wa 35 waeleza sababu ya njuga. Zilitakiwa zisikike Haruni aingiapo patakatifu na atokapo, asije akafa. Njuga zina kazi, tena kazi kubwa.

Na makomamanga je? Someni tena polepole. Hayana sababu yoyote iliyotajwa. Wafasiri wamejitahidi sana kuyatafutia kazi. Wengine husema ni alama ya uzazi, wengine husema mbegu zake nyingi ni mfano wa amri nyingi za torati. Huenda ni kweli, nami sina ugomvi nao. Lakini Maandiko yenyewe yamenyamaza. Makomamanga yapo pale tu, kati ya njuga na njuga.

Tena kumbukeni mahali walipokuwa. Walikuwa jangwani, na katika Hesabu 20:5 twawasikia wakinung'unika kwamba mahali walipo hapana tini, wala mizabibu, wala makomamanga. Yaani palikuwa na mtu, au watu, waliokaa chini katika nchi isiyo na tunda hilo, wakalifanya kwa uzi kwa kulikumbuka tu. Kutoka 39 yasema kazi hiyo ilifanyika hasa. Mimi nimejaribu kuwaza jinsi mtu anavyoweza kusokota uzi mpaka ukawa duara na wenye taji dogo juu, nikashindwa. Pengine kina mama wanaofuma vitambaa vya madhabahu watanieleza.

Haya ndiyo ninayotaka tuyaangalie: kile kidogo kinachozidi haja. Kila siku kuna njuga zake, yaani kuchota maji, kupika, kulima, kwenda kazini, kulipa ada. Hizo zina sababu, na ole wake azipuuzaye. Lakini nyumba yenye njuga tupu ni nyumba ya kelele tu. Angalieni mkeka. Ukindu usiotiwa rangi hulalika vizuri kabisa, na bado mfumaji huchemsha rangi, akachovya baadhi ya nyuzi, akazipitisha katika ukili kwa hesabu anayoijua yeye. Angalieni walinzi wa usiku wakicheza bao: mashimo 32, kete 64 za komwe, na maneno ya utani ambayo hayahesabiwi kabisa katika mchezo ila bila hayo mchezo haunogi.

Wako watakaosema, "Mwalimu, sisi tuna shida, hayo ni mambo ya wenye nafasi." Nawaheshimu, maana nimeishi katika shida hizo. Wala sitaki mtu aende kumhubiria furaha mama anayefuma ukili mpaka usiku wa manane ili auze mkeka kesho apate unga. Kwake huo si mchezo, ni jasho. Tukitaka kumfurahisha tumlipe bei ya haki bila kubembelezana hadi shilingi ya mwisho. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba hata yeye, katika mkeka wa kuuza, hutia ule mstari wa zambarau ambao mnunuzi hakuuagiza. Hakuna aliyemlazimisha. Sitathubutu kumwambia aache.

Tena si kweli kwamba mambo haya yataka fedha. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, Tunduru, hakupita chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupaka baiskeli, juu ya mbao nyembamba za dari. Chui wake wana macho ambayo hakuna chui aliyepata kuwa nayo. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na hata leo wako watu mamia wanaokula kwa brashi wakifuata mtindo wenye jina lake. Na huko Lamu mafundi walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika vipande vya kandambili za rangi zote, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Walikuwa na ujumbe mzito, wa kuacha kuichafua bahari. Ujumbe huo ungeweza kubebwa na jahazi la rangi moja. Wao wakalifanya liwe kama khanga za arusi.

Nyumbani kwangu jambo hili hutokea zaidi umeme ukikatika. Simu zikizima moto, wajukuu husogea. Mmoja huanza, "Kitendawili!" nasi twajibu, "Tega!" Zamani nilikuwa na vitendawili vya kutosha, lakini watoto hawa wameshavijua vyote, na sasa wanatunga vyao. Juzi mjukuu wangu wa kike alinitegea hiki: mbuzi wangu hula akiwa amefungwa ukutani, akishiba hufunguliwa. Nikataja ng'ombe wa maziwa, nikataja taa, nikataja mgonjwa mwenye chupa ya maji. Sikupata. Akasema, "Babu, nipe mji." Nikampa Korogwe. Akakataa! Akasema Korogwe alishapewa na shangazi yake wiki iliyopita, naye hataki mji uliotumika. Ikabidi nimpe Mombasa ndipo akanifungulia: ni simu inapotiwa moto. (Kwa njia, kwa nini uwanja wa kanga huitwa mji, na zawadi ya kitendawili huitwa mji? Mwenye kujua aniambie baada ya ibada.)

Sasa nina ungamo, na bila hilo somo hili lingekuwa maneno matupu.

Ilikuwa mwaka 1984. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, betri za redio hazionekani. Siku hiyo nilisimama foleni ya sabuni tangu alfajiri, na ilipofika zamu yangu sabuni ikawa imekwisha. Narudi nyumbani jua la saa nane, nakuta pipa la maji halina kitu, na kijana wangu wa miaka 9 yuko chini ya mwembe na lori la waya. Waya ule nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya banda la kuku.

Lilikuwa lori zuri. Hilo naliona leo. Usukani ulikuwa wa fimbo ndefu, ili dereva aendeshe amesimama wima. Magurudumu aliyakata kwenye kandambili zilizokatika. Taa za mbele zilikuwa vizibo viwili vya soda. Na ndani ya bodi, nyuma, alikuwa amesimamisha vijiti vya mwarobaini vyenye majani yake, vimefungwa kwa uzi kimoja kimoja, vimejaa bodi nzima. Sijui kwa nini, lakini ni vile vijiti vilivyonipandisha hasira kuliko maji na kuliko waya. Nikamwuliza, "Hivi navyo ni vya nini?" Akasema, "Basi tu, baba."

Nikalikanyaga lori. Hakulia. Alichukua ndoo akaenda kisimani. Ule waya nilijaribu kuunyoosha nipate kutengeneza banda, lakini ulikuwa umeshakunjwa mno, haukufaa tena. Mke wangu hakusema kitu. Kesho yake asubuhi alivaa ile kanga, akapita mbele yangu, na safari hiyo hakurudi mara ya pili.

Nilimfundisha kijana huyo kusoma, nikamlipia ada, nikamtafutia fundi wa kumfunza kazi. Njuga zote nilizitia. Naye ni mtu mwema, ana kazi yake na watoto wake, wala hajapata kunitajia jambo lile. Mimi ndimi niliyekuwa nalo. Kila nilipofika Kutoka 28 katika masomo ya asubuhi nilifunua ukurasa upesi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kazi ya mwezi huu ni hii. Kila mmoja atazame nyumbani mwake, atafute kitu ambacho mtu wa nyumba hiyo alikifanya pasipo sababu: ua lililochorwa kwa chaki ukutani, mfuniko wa chungu uliochongwa kichwa cha bata, jina alilopewa kuku, njia iliyopangwa mawe meupe kwenda chooni. Msikifute kwanza, wala msikisifu kwa sauti kubwa hata mwenyewe akaona haya. Mwulizeni tu habari zake, kisha mkae kimya mkasikilize. Tutasimuliana kwenye kikundi siku ya Alhamisi.

Mimi nimeshaifanya kazi yangu, nikachelewa miaka mingi. Krismasi iliyopita kijana wangu alikuja na familia. Baada ya chakula tulikaa wawili chini ya mwembe uleule, nikamwomba radhi kwa lori. Alidhani nasema la mtu mwingine, ikabidi nimweleze vizibo na kandambili. Kisha nikamwuliza tena swali lile la 1984: vile vijiti vya mwarobaini vilikuwa vya nini?

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba," akasema, "ule ulikuwa msitu. Mwalimu wetu alituambia Dodoma hakuna kivuli. Nilikuwa naupeleka."