Somo: Wasiwasi na Mawazo Yasiyotulia kwa Mtu Mzima

Leo tujifunze juu ya shida mbili ambazo mara nyingi hukaa ndani ya mtu mmoja. Watu wa nyumbani humwita mvivu. Kanisani wengine husema ana pepo, au imani yake ni ndogo.

Mama mmoja muuza maharagi, wa vilima vya Masisi, alikuja kwetu akisema, “Moyo unapiga mbio, usingizi sipati.” Tulipima damu, hatukuona malaria. Tulipomwuliza habari za kazi, akalia. Watu walichukua maharagi kwa deni, naye alisahau ni nani na nani. Aliacha sufuria motoni akaenda kwa jirani. Alianza kupalilia mashamba matatu, hakumaliza hata moja. Basi kila asubuhi aliamka na hofu: leo nitasahau nini? Na hofu hiyo ilimjaza kichwa hata akasahau zaidi.

Shida ya kwanza ni upungufu wa uangalifu. Si tabia mbaya. Ni namna ubongo wa mtu unavyofanya kazi. Huanza utotoni, na mara nyingi huonekana kwa watu wengi wa jamaa moja. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza waganga wenzake London habari za watoto wa namna hiyo. Zamani walidhani huisha mtoto akikua. Sasa tunajua kwamba wengi hubaki nayo. Mtu mzima harukiruki tena, lakini mawazo yake hurukaruka. Shida ya pili ni wasiwasi, nao huikuza ile ya kwanza.

Lakini kwetu Masisi na Walikale lazima tuulize zaidi. Tangu mauaji ya mwaka 1993, yaliyoanza kwenye soko la Ntoto, watu wamekimbia mara nyingi; mwezi wa tatu wa 2025 vita vilifika hata Walikale mjini. Mtu aliyeona hayo aweza kukosa usingizi na kusahau mambo, naye hana upungufu tunaousema. Kwa hiyo tunauliza: “Kabla ya vita, ulipokuwa darasa la kwanza, ulikuwaje?” Mama yule akacheka. Shangazi yake aliyemsindikiza akajibu upesi, “Huyu! Ukimtuma maji, anarudi na mapera, na ndoo ameiacha mtoni.”

Tulimpa shauri hili. Afunge kaye ndogo kiunoni kwa kamba, aandike deni kabla mikono yake haijatoa maharagi. Si baadaye, baadaye ndiyo adui yake. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake. Alime shamba moja, tena pamoja na mwenzake, na jioni asimike kijiti pale alipoachia. Apunguze kahawa, maana huongeza mapigo ya moyo. Alale mapema. Na aombe, ndiyo, lakini asiombe badala ya kuandika! Nabii Elia alipochoka chini ya mti, alipewa kwanza usingizi na chakula.

Ziko dawa. Ile iitwayo metilfenidati husaidia wengi kushika mawazo, lakini huharakisha moyo, na kwa wengine huzidisha wasiwasi. Ndiyo sababu hutolewa na mganga aliyekupima. Usinunue vidonge sokoni. Ziko pia dawa za wasiwasi, na mazungumzo ya mara kwa mara na mtu aliyefundishwa. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Goma iko nyumba ya wagonjwa wa akili, Tulizo Letu, lakini njia ni ndefu, na si kila mtu anahitaji kufika huko. Tena, mtu akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo. Mleteni siku ileile.

Mume wa mama huyu aliuliza kama aache kumgombeza. Tukamwambia amwulize jioni jambo moja tu: “Kaye iko wapi?”

Mwezi uliofuata mama alirudi. Kadi ya hospitali alikuwa ameisahau nyumbani. Kaye ilikuwa kiunoni, na watu watatu walikuwa wamelipa.