SOMO LA 17: KIKUZA SAUTI NA KASHA LAKE LA BATI

Tuseme unakaa Manyamanyama, katika mji wa Bunda. Ni saa mbili usiku, na taarifa ya habari inaanza. Babu yako ameinamia redio, lakini hasikii vizuri. Ukiongeza sauti, mtoto mchanga anaamka na kulia. Utafanyaje?

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Haja ya siku zile ilikuwa redio moja isikiwe na wengi. Haja ya babu ni kinyume chake: sauti imfikie yeye peke yake, nayo iwe na nguvu. Kwa kazi hiyo tunahitaji visikizio, yaani spika mbili ndogo zinazovaliwa masikioni, pamoja na kikuza sauti.

Umeme utokao katika redio kwenda kwenye visikizio ni mdogo. Kikuza sauti huuongeza kwa transista. Kifaa hiki kilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Kina miguu mitatu, na aina nyingi hazizidi ukubwa wa punje ya hindi.

Fikiria koki ya bomba. Nguvu ya vidole viwili hufungulia maji mengi, lakini maji hayo hayatoki vidoleni, bali katika tangi. Vivyo hivyo, umeme mdogo wa redio huingia katika mguu mmoja wa transista na kuongoza umeme mwingi utokao katika betri. Umeme wa redio ukipanda na kushuka, umeme wa betri nao hupanda na kushuka kwa kuufuata. Pasipo betri, transista ni koki isiyo na tangi.

Fundi redio aweza kung'oa transista katika redio iliyoharibika na kuiunga upya kwa risasi. Kazi hiyo mwachie yeye, maana risasi iliyoyeyuka huunguza vibaya. Wewe shughulika na kasha. Lakini kwa nini liwe la bati, wala si la ubao? Fanya jaribio hili.

JARIBIO

Washa redio ndogo ya betri, itafutie kituo, kisha ifunike ndani ya sanduku la karatasi ngumu. Sikiliza. Sasa ihamishie katika sufuria yenye mfuniko unaobana vizuri. Unasikia nini? Sauti ya kituo hufifia, na mara nyingine hupotea kabisa, ukabaki mkwaruzo tu. Redio haikuzimika, ila mawimbi yamezuiwa na sufuria.

Nyaya za umeme wa nyumbani nazo husumbua kikuza sauti. Umeme huo huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na kikuza sauti kisicho na kinga huudaka na kuukuza. Babu angesikia mvumo kama wa nyuki badala ya habari. Kasha la bati huuzuia.

Kata bati kwa mkasi wa bati, kisha likunje juu ya ukingo wa meza. Toboa matundu matatu kwa keekee: la waya wa redio, la waya wa visikizio, na la kitufe cha sauti. Lainisha kingo kwa tupa, maana bati hukata kama wembe. Tandika karatasi ngumu ndani, ili miguu ya transista isiguse bati. Mwishowe unga waya mmoja kutoka upande wa hasi wa betri hadi kwenye kasha. Wengi husahau waya huu, kisha humlaumu fundi!

Tumia seli kavu 6, ambazo pamoja hutoa volti 9. Usiunge kikuza sauti hiki na umeme wa nyumbani kamwe; umeme huo huua.

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikiuawa na sauti kubwa, havioti tena. Kwa hiyo punguza sauti hadi mwisho kabla babu hajavaa visikizio, kisha ongeza polepole mpaka yeye mwenyewe aseme, "Inatosha, mjukuu wangu."

ZOEZI

1. Nguvu inayokuza sauti hutoka wapi: katika redio au katika betri?

2. Rudia jaribio kwa chungu cha udongo. Kabla ya kuanza, andika unachotazamia kusikia.

3. Mwenzako ametengeneza kasha zuri la bati, lakini mvumo bado unasikika. Utakagua nini kwanza?