Tabayyun: Somo la Aya ya Sita ya Surat Hujuraat

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo letu ni neno moja ambalo kila aliyepita darasa la tafsiri analijua: tabayyun, yaani kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Amri yake imo katika Surat Hujuraat, aya ya 6. Wengi wetu tumezoea kuisoma aya hii kama katazo la umbeya tu. Tukirudi kwenye sababu ya kushuka kwake tutakuta jambo zito zaidi.

Wanachuoni wengi wa tafsiri wanaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma Al-Walid bin Uqba kwa Bani Mustaliq kukusanya zaka. Watu wale walitoka kwenda kumpokea. Yeye alipouona umati aliingiwa na hofu, akarudi Madina na kusema kuwa wamekataa kutoa zaka na walitaka kumuua. Habari ile ilikaribia kuleta vita. Kwa hiyo aya hii iliteremka watu wakiwa na silaha mkononi. Inamkabili mwenye nguvu kwanza, kisha sisi tunaosikia na kushangilia.

Sasa tuangalie nchi yetu. Tarehe 14 Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, pamoja na dereva wao wa teksi, waliuawa na polisi jijini Dar es Salaam. Habari iliyotolewa ilikuwa fupi: majambazi wameuawa katika mapambano ya risasi. Wakati ule ujambazi ulikuwa umewachosha watu, na habari ya namna hiyo haina anayeihoji. Nani amlilie jambazi? Lakini ndugu wa marehemu walilalamika, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume iliyoongozwa na Jaji Musa Kipenka. Tume ikabaini kuwa watu wale hawakuwa majambazi wala hawakurushiana risasi na polisi. Walikamatwa wakiwa hai.

Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo. Watu wanne walipoteza roho zao, kisha wakapoteza na majina yao. Mjane na watoto walizika mtu aliyetangazwa nchi nzima kuwa jambazi. Aliyelirudia neno lile barazani, bila hata kuwajua, alishiriki katika dhulma hiyo ya pili.

Na somo halikuishia hapo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washitakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu adhabu ya kifo. Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi Dar es Salaam, hakutiwa hatiani na mahakama hizo mbili. Hata hivyo mitaani kesi hii bado inaitwa kwa jina lake. Tabayyun ni ya pande zote. Aliyekatazwa kumwita raia jambazi bila ushahidi amekatazwa vilevile kumwita askari muuaji baada ya mahakama kumwachia.

Tusidhani mambo haya ni ya Dar es Salaam peke yake. Hapa kwetu Mwanza, usiku wa kuamkia tarehe 13 Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Liberatus Barlow, alipigwa risasi na kufa eneo la Kitangiri, alipokuwa akimsindikiza mwanamke nyumbani baada ya kikao cha harusi. Mara maneno ya mitaani yakawaacha wauaji yakamgeukia mwanamke aliyekuwa garini. Hakuna aliyekuwepo, lakini kila mtu alikuwa na maelezo!

Mwanafunzi wa Surat Nuur anapaswa kukumbuka hapo hapo kisa cha Ifk. Mama wa Waumini Bi Aisha (R.A.) aliachwa nyuma na msafara akitafuta kidani chake, akaletwa na Safwan bin Al-Mu'attal aliyekuwa akipita nyuma ya jeshi. Mwanamke, mwanamume, safari, basi. Maneno yalidumu takriban mwezi mzima, na hata baadhi ya Waislamu wema waliyachukua. Abu Ayyub Al-Ansari alimuuliza mkewe kama yeye angeweza kufanya jambo lile. Mkewe aliposema hapana, akamwambia kuwa Aisha ni bora kuliko yeye. Huo ndio uchunguzi mwepesi kuliko wote, na haugharimu kitu.

Wasanii nao wana heshima zao, ingawa tunajua vijana watacheka. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, watu walimhukumu mwigizaji Elizabeth Michael kabla hata ya maziko. Mahakama Kuu ilitoa hukumu Novemba 2017: kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka miwili. Jaji alihitaji mashahidi. Sisi tulitosheka na magazeti ya udaku.

Je, basi tunyamaze mtu anapouawa na mwenye bunduki? Hapana. Ndugu wa Mahenge wangenyamaza, uongo ungebaki kuwa historia. Kuuliza, kudai uchunguzi na kwenda kutoa ushahidi wa ulichokiona ni tabayyun yenyewe.

Zoezi kwa darasa la tano na la sita: chagua habari moja uliyoisikia wiki hii, kwenye daladala au Mwaloni Kirumba. Andika isnadi yake kama tunavyoandika ya hadithi: nani alikuambia, naye aliambiwa na nani, mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake. Ukikwama, chora mstari mwekundu mahali ulipokwama, na daftari limfikie ustadhi kabla ya Ijumaa.