Makumbusho Yasiyo na Paa: Vidokezo 10 kwa Anayefika Tukuyu

Shirika la Makumbusho ya Taifa lina vituo vyake Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mkoa wa Mbeya, ambamo Tukuyu imo, haumo. Kwa hiyo anayeshuka stendi ya Tukuyu akitafuta jumba lenye makabati ya vioo na maelezo ukutani anaweza kuzunguka mji mzima asilione. Asikate tamaa. Akilala Bulyaga, katikati ya mji, siku tatu au nne zinamtosha kufika kwenye ngome ya Wajerumani, misheni ya karne ya 19, maziwa yaliyolala ndani ya vinywa vya volkano, na soko ambalo vyungu vyake vinatafutwa kusini nzima. Vitu hivi havijafungiwa mahali. Watu wanavitumia kila siku, na haohao ndio walinzi wake. Vidokezo hivi vitakusaidia kuvifikia kwa heshima na bila kupoteza nauli.

1. Tazama mvua kabla ya kutazama kalenda ya likizo

Wilaya ya Rungwe, ilipo Tukuyu, ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kipindi kizuri ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai baridi ni kali, beba sweta la maana. Ukilazimika kuja masika, njoo na gambuti na koti la mvua, na usimlazimishe kijana wa bodaboda apande mlima wa tope ili uwahi picha. Toka mapema: asubuhi milima inaonekana vizuri, mchana ukungu unaifunika.

2. Anzia Boma, na ubishe hodi

Wajerumani waliita mji huu Neu Langenburg. Langenburg ya kwanza ilikuwa Lumbila, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya utawala yakapandishwa huku juu kwenye hewa baridi, na jina likahama nayo. Lilitokana na ukoo wa mwanamfalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya makoloni ya Wajerumani.

Boma walilojenga limeendelea kutumika kwa shughuli za serikali. Hapo usiingie kama unaingia sokoni. Nenda saa za kazi, jitambulishe mapokezi, eleza kwamba umekuja kuona jengo la kale, kisha omba ruhusa kabla ya kutoa simu upige picha. Ukiruhusiwa, tazama unene wa kuta na jinsi jengo lilivyokaa mahali pa kutawala mji kwa macho. Mtu aliyesimama pale alimwona kila anayekuja.

3. Salamu kwanza, swali baadaye

Mgeni anayemfikia mzee na kuanza na "eti hili jengo la mwaka gani?" atajibiwa kwa mkato. Mpe shikamoo yake. Ukiweza kuongeza kwa Kinyakyusa "ugonile" ya asubuhi na "ndaga fijo" ya kushukuru, utavutiwa kigoda. Usishangae ukiona mwanamke anachuchumaa kusalimia, wala usimpige picha akiwa katika hali hiyo. Adabu za heshima baina ya wakwe na kati ya rika na rika zina historia ndefu huku. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikaa miaka ya 1930 wakizichunguza, na mwaka 1951 Monica akachapisha Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa, wenyeji wa huku, ambavyo vijana wa kiume walivijenga na kuishi pamoja, mbali na nyumba za baba zao. Ukikipata maktaba, kisome kabla ya safari. Kisha waulize wazee ni kipi wanakikubali na kipi wanakikataa. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko kitabu chenyewe.

4. Misheni ya Rungwe, nenda Jumapili

Wamisionari wa Moravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao wenzao wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifungua vituo vyao upande wa ziwa. Watu wengi huja siku ya kazi, wakapiga picha majengo na kuondoka. Mimi nasema njoo Jumapili, ukae ibada nzima. Wamoravian wana matarumbeta, na kuyasikia yakipigwa pale chini ya mlima kutakueleza mambo ambayo kuta hazisemi. Vaa vizuri, weka sadaka, na subiri watu watoke ndipo uombe kuonyeshwa majengo ya zamani.

Ukisharudi mjini, fika pia Kyimbila. Huko, pamoja na Amani kule Usambara, ndiko chai ilikoanza kupandwa Tanzania, mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba unayoyaona yakitandazika pande zote mbili za barabara ni wajukuu wa miche hiyo. Kyimbila pia ndiko Adolf Stolz, mmisionari aliyependa mimea, alikokusanya sampuli ambazo wataalamu wa mimea duniani wanazirejea hadi leo.

5. Daraja la Mungu: kitambulisho mfukoni

Kaskazini ya Tukuyu, kilomita kama 12 kwenye barabara ya Mbeya, shuka Kibwe uulize njia. Daraja la Mungu ni tao la jiwe la volkano lililovuka Mto Kiwira lenyewe, bila fundi. Ujiuji wa moto ulitiririka, ukapoa juu, na maji yakaendelea kula chini. Mbele kidogo kuna Kijungu, mahali mto unapoingia kwenye shimo la mwamba na kuzunguka kwa nguvu kabla ya kutokea upande wa pili.

Kijungu kiko katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Kwa hiyo beba kitambulisho, jieleze getini bila papara, fuata unachoelekezwa, na usielekeze kamera kwenye majengo ya chuo. Pale mtoni usikaribie ukingo. Mwamba umelowa muda wote na unateleza. Wazazi, mshikeni mtoto mkono. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu Kijungu hakimrudishi anayeanguka.

Kabla ya kurudi, pitia Kiwira kwenye soko la ndizi. Nunua mkungu, na uliza jina la kila aina. Kina mama wa pale watakufundisha ipi ya kuchemsha, ipi ya kuchoma, ipi ya kuivisha.

6. Masoko: acha sarafu ilipo

Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, ni duara la maji lililotulia ndani ya kreta, kwenye barabara ya Tukuyu kwenda Ipinda. Ukingoni kuna jengo la mawe la enzi za Wajerumani, ambao waliweka askari hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza; baadaye likawa mahakama. Wenyeji wanasimulia kwamba Wajerumani walipoona wanazidiwa walitupa mali na silaha ziwani, na kwa miaka mingi waogeleaji wameibuka na sarafu za zamani.

Huenda ukaonyeshwa moja. Ishike, itazame: heller ya shaba nyeusi, nyingine zina tundu katikati, zilizotengenezwa kwa ajili ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mtu wa Tukuyu wa enzi hizo alilipwa kwa sarafu kama hiyo, na kwa sarafu hiyohiyo akadaiwa kodi. Sasa irudishe mkononi mwa mwenyewe. Usiinunue, hata kama bei ni ndogo na anayeuza ana shida. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, lakini hata sheria isingekuwepo, sarafu iliyotoka Masoko inazungumza ikiwa Masoko. Ikifika sebuleni kwako Dar es Salaam ni chuma tu. Ukitaka kumsaidia yule mtu, mlipe akuongoze kuzunguka ziwa na akusimulie. Pesa ni ileile, na kesho atakuwa na kazi tena.

7. Msituni usiende bila mwongozaji

Ziwa Ngozi liko juu ya safu ya Uporoto, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu meta 2,960, uko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kote kuna kiingilio. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, chukua risiti, usimpe mtu fedha mkononi njiani. Njia ya Ngozi inapanda kwa ukali mwishoni, na ukifika kileleni unalitazama ziwa likiwa chini sana, kimya. Waongozaji watakuonyesha umbo la ramani ya Afrika na kukusimulia joka la ziwani. Sikiliza hadithi yote.

Wengi huuliza kuhusu kipunji. Nyani huyu mwenye nywele ndefu aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Lakini watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji Wanyakyusa, ambao walimjua kwa jina na sauti. Hivyo ukimwona, ni bahati yako. Usipomwona, mtafute mzee anayemjua. Naye ni sehemu ya ugunduzi huo.

8. Vyungu vya Wakisi, Jumamosi, Matema

Hiki ndicho kituo ninachokipenda kuliko vyote. Kutoka Masoko endelea na barabara hadi Ipinda, kisha Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone. Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo. Asubuhi mitumbwi inaingia kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji, imejaa vyungu vilivyopangwa kwenye majani.

Ukipata nafasi, nenda Ikombe kwenyewe, kwa mtumbwi au kwa miguu, ukaone kazi. Wafinyanzi ni wanawake. Hawana gurudumu. Mama anakaa chini, anazungusha udongo kwa mkono, anaupandisha taratibu hadi ukuta wa chungu unakuwa mwembamba na sawa pande zote, kisha anausugua kwa jiwe laini la ziwani hadi ung'ae. Mapambo ni ya udongo mwekundu na mweupe, na yanachorwa bila kupima, lakini mstari unakutana na mwanzo wake bila kupishana. Baadaye vinachomwa nje, kwa moto wa wazi. Vingine hupasuka, na hasara hiyo ni ya mama.

Ndiyo maana nakuomba usibishane bei kupita kiasi. Nunua kwa mfinyanzi mwenyewe pale unapoweza. Uliza chungu ni cha kazi gani, cha maji, cha mboga au cha pombe, ukakitumie kwa kazi hiyo. Kwenye gari kifunge kwa majani makavu ya migomba. Wauzaji watakufungia vizuri kuliko wewe.

9. Ngoma haina ratiba ya mtalii

Ing'oma ya wanaume, yenye ngoma kubwa na mavazi meupe, huchezwa kwenye sherehe na misiba mikubwa, na vikundi hushindana. Taasisi ya Tulia Trust imekuwa ikiandaa tamasha la ngoma za asili mjini Tukuyu; ulizia tarehe kabla ya kufunga safari. Ukikuta ngoma kijijini, tafuta mwenye shughuli, msalimie, toa mkono wako wa rambirambi au pongezi, kisha simama pembeni.

10. Na wewe mwenyeji wa Bulyaga

Wapo watu waliozaliwa na kukua hapa wasiokanyaga Masoko wala Kijungu. Anza na watoto wako mwezi huu, nauli ni ndogo. Ukiwa na picha ya babu aliyevaa sare ya askari, barua ya misheni au jembe la zamani, usiuze na usitupe. Andika nyuma ni cha nani na cha lini.

Na tulisemee hili kwenye mikutano ya kata. Iringa walikuwa na jengo la Wajerumani lililotumika kama ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho, na leo wanafunzi na wageni wanaingia. Boma letu nalo linastahili. Vyumba viwili tu vingetosha kuanzia: kimoja cha vyungu vya Ikombe, kingine cha sarafu, picha na sauti za wazee zilizorekodiwa wakiwa hai. Tuombe vyumba hivyo viwili sasa.