Kupiga Picha Nebula ya Jabari Ukiwa Tororo au Busia

Mpiga picha wa Tororo au Busia, mashariki mwa Uganda, ana bahati ambayo mwenzake wa Ulaya hana: kuanzia Desemba hadi Februari, kundinyota la Jabari hupita karibu na utosi. Kusini kidogo mwa nyota tatu za mkanda wake kuna doa lenye ukungu. Hilo ndilo M42, yaani Nebula ya Jabari, wingu la gesi lililo umbali wa miaka-nuru 1,300 hivi.

Tatizo ni Nyota ya Kaskazini. Wazungu huitumia kulenga mitambo yao ya kufuata nyota, lakini kwetu imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na vumbi. Tena Jabari iko kwenye ikweta ya anga, ambako nyota huhama upesi kuliko kwingine kote. Kwa hiyo mimi huacha mitambo. Natumia stendi ya kawaida, lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/2.8, ISO 1600, sekunde 4 tu kwa kila picha ili nyota zisiwe michirizi, na napiga picha mia kadhaa. Programu ya Siril, isiyolipiwa, huzilaza moja juu ya nyingine mpaka chengachenga zififie na wingu lijitokeze.

Fokasi ndiyo huwashinda wengi. Zima ya otomatiki, lenga Rijili, nyota angavu ya Jabari, ikuze kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha ibane pete kwa selotepu. Ukiwa Busia kagua lenzi kila mara, maana umande huingia bila taarifa.

Na rangi je? Katikati ya wingu kuna nyota changa za Trapezia; iliyo kali kuliko zote ina joto la nyuzi 39,000 hivi usoni. Mionzi yake ya urujuanimno hung'oa elektroni kwenye atomu za haidrojeni. Zinaporudi, hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa kijani cha nanomita 501. Mwanaastronomia William Huggins aliuona mwanga huo wa kijani katika nebula nyingine mwaka 1864, ikadhaniwa ni elementi mpya. Mwanafizikia Ira Bowen alithibitisha mwaka 1927 kuwa ni oksijeni.

Kamera nyingi zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo, ndiyo maana M42 hutoka ya waridi. Usikimbilie kukiondoa, waridi hiyo ni haidrojeni halisi.

Chagua usiku usio na mwezi, mbali na taa za viwanda vya saruji vya Tororo na foleni ya malori mpakani. Kama una kamera ya kubadilisha lenzi, usingoje darubini: anza Januari hii.