Shahada ya Uendelevu: Taaluma Nyingi kwa Tatizo Moja

Swali: Shahada ya uendelevu inafundisha nini hasa, na inatofautianaje na shahada ya sayansi ya mazingira ambayo vyuo vya Afrika Mashariki vimekuwa nayo kwa muda mrefu?

Jibu: Uendelevu ni uwezo wa jamii kujipatia chakula, maji, nishati na kipato bila kuumaliza msingi wa maliasili unaovizalisha, na bila kuwatwisha watu wengine, wakiwemo ambao bado hawajazaliwa, gharama ya manufaa hayo. Wazo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi wa Saxony, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu misitu akihimiza miti isikatwe kwa kasi inayozidi ile ya kuota, kwa sababu tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zinaelekea kukosa kuni. Maana inayotumika zaidi leo ilitolewa mwaka 1987 na Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, nayo inasisitiza kwamba mahitaji ya sasa yatimizwe bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kutimiza ya kwao.

Sayansi ya mazingira huchunguza maji, udongo, hewa na viumbe, kisha ikaeleza kinachoharibika na kwa kiwango gani. Shahada ya uendelevu huanzia hapo na kuuliza ni nani aliyeamua, kwa masilahi ya nani, na ni sheria, bei au mazoea yapi yanayopaswa kubadilika ili uharibifu usijirudie. Kwa sababu hiyo ikolojia, uchumi, sheria, sosholojia na takwimu huwekwa katika programu moja ambayo huitwa mtambuka, yaani inayovuka mipaka ya taaluma moja. Programu haiwi mtambuka kwa sababu tu masomo hayo yamepangwa kwenye ratiba ileile. Huwa hivyo pale mwanafunzi anapolazimika kulihoji jibu la taaluma moja kwa mbinu za taaluma nyingine.

Swali: Kwa nini taaluma moja isitoshe? Mwanabiolojia aliyesoma vizuri hawezi kulihifadhi ziwa?

Jibu: Ziwa Victoria linalijibu swali hilo vizuri kuliko hoja yoyote ya darasani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta, alipandikizwa ziwani kwa hesabu iliyoonekana nyepesi: samaki wadogo waitwao furu, waliokuwa wengi lakini wa bei ndogo, wangeliwa na samaki mkubwa mwenye bei nzuri. Hesabu hiyo ilitimia. Katika miaka ya 1980 sangara alikuwa ametapakaa, na mamia ya spishi za furu, ambazo hazikupatikana mahali pengine popote duniani, zilipungua mno na nyingi zikatoweka, ingawa uvuvi uliokithiri na kuchafuka kwa maji navyo vilichangia. Kwa mwanabiolojia hayo yalikuwa maangamizi. Kwa mchumi aliyetazama takwimu za miaka hiyo na iliyofuata, viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilikuwa vinaingiza fedha za kigeni kutoka Ulaya, na vijana kutoka mbali walikuwa wanahamia mialoni, yaani kwenye fukwe za kupokelea samaki, kutafuta riziki.

Hakuna kati ya hao wawili aliyekosea, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mahitaji ya kuni yaliongezeka kandokando ya ziwa. Maelezo yamo katika mafuta ya samaki mwenyewe. Furu, kama dagaa, huanikwa juani, ilhali sangara ana mafuta mengi na hakauki vizuri kwa jua, hivyo hubanikwa kwa moshi au kukaangwa, na kazi zote mbili zinadai kuni. Mwanasosholojia naye angeongeza habari ambayo haimo katika takwimu za mauzo ya nje: wanawake waliozoea kununua samaki mwaloni na kuwauza magulioni hawakuweza kushindana na magari ya barafu ya viwanda, na wengi wao wakabaki kununua mifupa yenye mabaki ya nyama, ambayo huitwa mapanki Mwanza na mgongo wazi Kisumu. Samaki alikuwa mwingi kuliko zamani, na bado lishe ya kaya nyingi za pwani ya ziwa haikunufaika kwa kiwango hicho.

Udongo unaochukuliwa na maji kutoka kwenye mashamba na miteremko isiyo na miti, pamoja na majitaka ya miji, huingiza ziwani virutubisho vya nitrojeni na fosforasi, na virutubisho hivyo ndivyo vinavyoyanenepesha magugumaji. Mmea huo wa asili ya Amerika Kusini, ulioonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, ulifunika maelfu ya hekta katika muongo uliofuata, ukaziba bandari na kuzuia mitumbwi, na Ghuba ya Winam ndiyo iliyoathirika zaidi upande wa Kenya. Wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, ambao chakula chao ni magugumaji peke yake, waliachiwa ziwani, na wakisaidiwa na hali ya hewa wakaupunguza mmea huo sana. Yalikuwa mafanikio ya kweli ya sayansi. Hata hivyo magugumaji yamekuwa yakirudi mara kwa mara, kwa sababu fukusi hula majani lakini hawezi kuzuia virutubisho kutoka Kisumu au mashamba ya bara kuingia ziwani. Hilo ni suala la mifereji ya majitaka, bei ya mbolea, mipango ya matumizi ya ardhi na bajeti za serikali za mitaa.

Juu ya hayo yote kuna mipaka. Tanzania ina takriban nusu ya ziwa, Uganda zaidi kidogo ya asilimia 40, na Kenya asilimia 6 hivi, lakini samaki hajui amevuka mpaka, na ndiyo sababu nchi hizo tatu zilitia saini mwaka 1994 mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia kwa vipindi uingizaji wa samaki wa ziwa hilo kwa sababu za usalama wa chakula, bei ziliporomoka mialoni kwa uamuzi uliofanywa maelfu ya kilomita mbali na Musoma. Mwanafunzi aliyefundishwa kuufuata mnyororo huo, kuanzia kanuni za afya za Brussels hadi kuni za mbanika samaki wa Ukerewe, amepata elimu ambayo idara moja ya chuo, hata ikiwa bora kiasi gani, haiwezi kuitoa peke yake.

Swali: Je, fani hii ina nadharia zake, au ni vipande vilivyookotwa kutoka fani nyingine?

Jibu: Inazo, na mojawapo ya muhimu zaidi inahusu mali ya pamoja, yaani rasilimali ambayo ni vigumu kumzuia mtu asiitumie lakini hupungua kila inapotumiwa, kama malisho, samaki au maji ya kisima. Mwaka 1968 mwanaikolojia wa Marekani Garrett Hardin alidai kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mfugaji hupata faida yote ya ng'ombe anayemwongeza huku hasara ya malisho ikigawanywa kwa wote. Suluhisho, kwa maoni yake, lilikuwa mali hiyo kumilikiwa na watu binafsi au kudhibitiwa na dola. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alikusanya mifano ya jamii za nchi mbalimbali zilizotunza malisho, misitu na mifereji kwa karne kadhaa bila njia hizo mbili, akaeleza mwaka 1990 masharti yanayowezesha jambo hilo: mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, uangalizi, na adhabu zinazopanda kwa hatua. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kwenda mbali kuona anachokisema Ostrom. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zitumike kiangazi, na makosa yaliamuliwa na mikutano ya jadi iitwayo dagashida. Mfumo huo ulidhoofika baada ya miti kufyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua kilimo cha pamba, na baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI na kuanza mwaka 1986, ulipata mafanikio makubwa ulipoacha kuwaletea wakulima miche na maagizo pekee, ukawaunga mkono kurudisha ngitili zao, na mamia ya maelfu ya hekta yakaanza kuota tena. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu katika chuo cha Afrika Mashariki akiwa amejibu maswali mengi ya mtihani kuhusu Hardin na hajawahi kusikia neno dagashida darasani.

Swali: Wazazi wengi huhofu kwamba anayesoma kila kitu huishia kutojua chochote. Hofu hiyo ina msingi?

Jibu: Ina msingi, na vyuo vinavyoipuuza vinawakosea wanafunzi wao. Programu inayomzungusha mwanafunzi katika masomo ya utangulizi ya idara sita, bila kumfikisha hata katika moja kwenye kiwango cha kufanya kazi inayoweza kukaguliwa na bingwa wa fani hiyo, humtoa akiwa na msamiati mwingi na ustadi mchache. Muundo unaofaa ni ule unaomtaka achague mapema eneo moja la kuzama, kwa mfano takwimu, ramani za kompyuta na picha za setilaiti, haidrolojia, uchumi wa maliasili au sheria ya mazingira, huku masomo mengine yakimpa uwezo wa kuelewana na mabingwa wa fani zilizobaki. Anayejua kutengeneza ramani ya mmomonyoko wa udongo na pia kusoma bajeti ya halmashauri ana thamani ambayo haipatikani kwa urahisi katika soko la ajira.

Swali: Masomo gani ya sekondari yanamwandaa vizuri mwanafunzi?

Jibu: Jiografia pamoja na biolojia, kemia au uchumi ni msingi mzuri, na nchini Tanzania tahasusi za CBG (kemia, biolojia na jiografia) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) zinafaa, ingawa kila chuo kina vigezo vyake. Hisabati ndiyo hukimbiwa zaidi na ndiyo hujutiwa zaidi, kwa maana hakuna somo la mwaka wa pili, liwe la ikolojia au la uchumi, lisilodai takwimu.

Swali: Ajira iko wapi?

Jibu: Sehemu kubwa imejengwa na sheria. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, yaani uchunguzi wa mapema wa madhara ya mradi kwa ardhi, maji na watu, na wa namna ya kuyaepuka. Wataalamu wanaofanya tathmini hizo husajiliwa na mamlaka ya mazingira ya nchi husika, hivyo ni busara kwa mwanafunzi kuuliza kabla ya kujiunga kama shahada anayoilenga inakubalika kwa usajili huo.

Eneo linalokua kwa kasi ni biashara ya kaboni, ambamo jamii au kampuni hulipwa kwa kulinda miti inayofyonza hewa ya ukaa. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2022, na Kenya ikarekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023 kwa ajili hiyo. Mradi wa Mikoko Pamoja katika Ghuba ya Gazi, Kwale, ulioanza mwaka 2013 na kulinda takriban hekta 117 za mikoko, unaonyesha ni stadi zipi zinazohitajika: kuna wanaopima vipenyo vya miti na kukadiria kaboni, wanaoandaa hesabu za kukaguliwa, wanaoelewa mkataba na mnunuzi wa ng'ambo, na wanaoendesha mkutano wa kijiji unaoamua kama mapato yaende kwenye maji au kwenye vitabu vya shule. Pale ambapo wanakijiji hawana mtu wa kuusoma mkataba, biashara hiyo inaweza kuwafunga kwa masharti wasiyoyaelewa, na kuwaepusha na hatari hiyo ni wajibu mzito ambao wahitimu wa fani hii wanapaswa kuubeba wakiwa upande wa wanakijiji.

Swali: Mwombaji achunguze nini kabla ya kuchagua programu?

Jibu: Achunguze kwanza kama walimu wa idara tofauti hufundisha pamoja walau somo moja, au kila mmoja huingia na kutoka bila kujua mwenzake amesema nini. Achunguze muda wa kazi za uwandani, kwa kuwa wiki moja ya kutalii hifadhini si utafiti, na aulize kama mradi wa mwaka wa mwisho hufanywa na kikundi cha wanafunzi wenye maeneo tofauti ya kuzama, wakilishughulikia tatizo lililoletwa na halmashauri, ushirika au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni. Mwisho aulize matokeo ya miradi hiyo hupelekwa wapi. Programu chache humtaka mwanafunzi arudi kijijini alikokusanya data, asimame mbele ya waliomjibu maswali yake, na kuwaeleza kwa Kiswahili au kwa lugha yao kile alichokigundua, na kusikiliza kile ambacho wao wenyewe wanakipinga katika ripoti yake, kisha pingamizi hizo ziingizwe kwenye ripoti kabla haijasahihishwa. Mwombaji anayeikuta programu ya namna hiyo ana kila sababu ya kuipa nafasi ya kwanza katika fomu yake.